CD Iligoma Mbele ya Darasa

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilichoma mafaili 40 ya MP3 kwa ajili ya somo la kusikiliza. Laptop yangu ilisoma vizuri. Redio ya shule ikagoma, darasa likacheka. Kumbe nilichoma CD ya data. Redio nyingi za zamani haziijui MP3, zinataka CD ya muziki.

Kwenye Windows Media Player, fungua sehemu ya kuchoma, chagua Audio CD, buruta mafaili. Programu inayafungua na kuyaandika upya, ndiyo maana CD ya MB 700 inabeba dakika 80 tu, hata mafaili yawe madogo vipi. Nunua CD-R, siyo CD-RW, na usiitoe kabla haijamaliza.

Kesho yake nilirudi na mafaili 18 tu. Redio ikaongea.