Paka Kortini: Mashauri Mawili ya Uingereza

Wazee wakaao barazani wajua ya kuwa shauri la ng'ombe au la mpaka wa shamba lina mahali pa kushikwa: ng'ombe aweza kuletwa, na mpaka waweza kukanyagwa kwa miguu. Lakini shauri la uchawi huja bila kitu cha kushika, nalo huwatia watu hofu kupita yote. Leo twataka kusoma pamoja habari za mashauri mawili ya Uingereza ya zamani, ambayo paka alitajwa katika yote mawili. Twamwomba msomaji ajiulize kila mara: paka huyu alionwa na nani?

Shauri la kwanza lilisikizwa Chelmsford, katika jimbo la Essex, mwezi wa Julai 1566. Miaka mitatu nyuma, yaani 1563, ilitolewa sheria ya kumwua mtu atakayethubutishwa kuwa ameua kwa uchawi. Wakaletwa wanawake watatu wa kijiji kimoja, Hatfield Peverel: Elizabeth Francis, na Agnes Waterhouse, mjane aliyepita miaka 60, na Joan binti yake, wa miaka 18. Habari zao zilipigwa chapa katika kitabu kidogo mwaka ule ule.

Elizabeth alisema kwamba alipokuwa wa miaka 12 nyanya yake alimpa paka mweupe mwenye madoa, jina lake Sathan, ndiyo kusema Shetani. Alimweka kikapuni, akamlisha mkate na maziwa, na kila alipomtuma kazi alimlipa tone la damu yake. Alimwomba kondoo, wakaja 18 malishoni; kisha wakapotea asijue walikokwenda. Baada ya miaka 15 au 16 alimtoa paka kwa jirani yake Agnes, akapewa mkate mtamu mmoja. Agnes naye alimlaza katika chungu chenye manyoya ya kondoo, na alipoyahitaji manyoya yale akamgeuza paka kuwa chura. Ng'ombe wa jirani akafa, maziwa ya mwingine yakaharibika, mtu mmoja akaugua akafa: yote yakawekwa juu ya paka. Walakini katika mambo hayo hatuoni hata moja lisilotokea kila mwaka katika kijiji chochote.

Akaja shahidi, mtoto wa kike wa miaka 12. Huyu hakutaja paka wala chura, bali mbwa mweusi mwenye uso kama wa nyani na pembe kichwani. Basi mnyama akawa wa namna tatu kwa vinywa vitatu, wala baraza haikushtuka.

Mwanasheria mkuu wa Malkia, Gilbert Gerard, alimwuliza Agnes kama aweza kumwita mnyama yule aje mbele ya korti. Akiweza, atafunguliwa mara moja. Mama yule akajibu kwamba hana tena uwezo juu yake. Swali hilo lilikuwa jema kupita yote yaliyoulizwa siku ile, nasi twasikitika kwamba liliachwa njiani. Maana Gerard aligeuka akamwuliza kama mnyama huyo humnyonya damu. Akasema, hapana, hata kidogo. Mlinzi wa gereza akaamriwa amwinue kitambaa cha kichwani, yakaonekana madoa usoni na moja puani. Akaulizwa tena: mara ya mwisho alinyonywa lini? Sasa akajibu kwamba kwa majuma mawili hayo hakunyonywa. Wazee wetu watambue jinsi jibu lilivyogeuka, hali kilichoongezeka ni madoa ya uso wa kikongwe tu. Agnes alinyongwa tarehe 29 Julai 1566. Joan aliachiliwa. Elizabeth alifungwa mwaka mmoja. Akaletwa tena kortini 1579, akanyongwa.

Msomaji asiwacheke watu wa Essex. Katika Usukuma vikongwe wameuawa, hata katika karne hii ya 21, kwa kuwa macho yao ni mekundu, na watu husema ni alama ya uchawi. Mwanamke aliyepika miaka 50 katika nyumba yenye moshi atakuwa na macho ya namna gani?

Shauri la pili ni la 1712, katika mji wa Hertford. Jane Wenham, mwanamke maskini wa kijiji cha Walkern, alikuwa amekwenda mwenyewe kushtaki, kwa kuwa mkulima mmoja alimwita mchawi. Akapewa shilingi moja, akaambiwa akae kwa amani na jirani zake. Alionekana hakuridhika, na baada ya hapo kijakazi wa padre akaanza kuugua na kupiga makelele. Watu wakasema paka walilia nje ya nyumba ile, na mmoja alikuwa na uso wa Jane. Wanasheria walipoandika shitaka hawakupata la kuandika ila kwamba amezungumza na Shetani katika umbo la paka.

Jaji Powell hakuyasadiki maneno hayo. Lakini watu 12 walioapishwa walitoka katika nchi ile ile iliyojaa hofu, wakasema ana hatia. Jaji akawauliza waziwazi kama wamwona ana hatia ya kuzungumza na Shetani katika umbo la paka, wakaitikia, ndiyo. Sheria ilimlazimu kutoa hukumu ya kifo; akaitoa, kisha akaizuia isitimizwe, na Malkia Anne akamsamehe. Sheria yenyewe ilifutwa 1736.

Walkern Jane hakuweza kurudi, maana msamaha wa Malkia haukuzifikia nyoyo za jirani zake. Bwana mmoja mwenye mashamba alimpa nyumba ndogo mbali na hapo, akakaa humo chini ya ulinzi, akafa kwa uzee mwaka 1730.