Uchu wa Vitafunio na Tumbo Dhaifu: Mafunzo ya Chakula cha Unyamwezi

Mji wa Tabora ulikua mahali zilipokutana njia za misafara. Njia moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ikaelekea Ujiji penye Ziwa Tanganyika, na nyingine ikaenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kazeh, ilipo Tabora ya leo, mwezi Novemba. Katika safari ndefu namna hiyo mpagazi alitegemea posho, ambayo kwa desturi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, nayo ilipikwa kwa maji na moto tu.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi katika njia hiyo ilififia, na bidhaa za pwani zikaanza kufika kwa siku chache. Leo mwanafunzi atokaye darasani hukutana na chipsi, sambusa, maandazi, soda, na ubuyu uliotiwa sukari, rangi na pilipili. Mwenye tumbo imara akila vitu hivyo mara mojamoja hapati dhara kubwa. Lakini yuko mwanafunzi ambaye kila akila hupatwa na kiungulia, hujaa gesi, hukosa usingizi, na asubuhi hushindwa kufuata somo. Aghalabu huambiwa ajizuie. Makala haya yanaeleza kwa nini kujizuia peke yake hakutoshi, na jinsi vyakula vya Unyamwezi vinavyoweza kushika nafasi ya vile vinavyomdhuru.

Uchu ni nini?

Njaa na uchu si kitu kimoja. Njaa ni haja ya mwili kupata chakula chochote. Uchu ni hamu ya chakula fulani. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waligundua homoni iitwayo grelini, itolewayo hasa na mfuko wa tumbo. Homoni hii huongezeka katika damu kabla ya saa ambazo mtu amezoea kula. Kwa hiyo asiyekula asubuhi hufika saa nne akiwa na njaa kali, na njaa hiyo huuzidisha uchu.

Uchu wenyewe hujengwa na mazoea. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa aliyezoeshwa ishara fulani kabla ya kulishwa hutoa mate kwa ishara hiyo tu, hata kabla ya kukiona chakula. Hali kadhalika harufu ya mafuta yanayochemka kando ya njia huuamsha mwili wa mtu aliyezoea kununua chipsi hapo. Basi, mtu hasumbuliwi na ulegevu wa nia pekee. Anapambana na mazoea ya mwili. Na mazoea hushindwa kwa urahisi zaidi pale yanapowekewa mazoea mengine mahali pake.

Kwa nini tumbo huuma?

Mfuko wa tumbo hutoa asidi ya haidrokloriki, nao hujikinga kwa tabaka la ute. Mafuta mengi yakifika kwenye utumbo mwembamba, homoni hutoa amri mfuko wa tumbo upunguze mwendo wa kujimwaga. Chakula hukaa muda mrefu, tumbo huwa zito. Pia mafuta huweza kulegeza msuli ufungao njia baina ya umio na tumbo, na asidi ikapanda. Hicho ndicho kiungulia. Gesi ya soda hutanua tumbo, nayo pilipili huamsha neva za maumivu.

Hata hivyo, yafaa kosa moja lisahihishwe. Wengi huamini kwamba pilipili ndiyo iletayo vidonda vya tumbo. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walifaulu kuotesha katika maabara bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyetoka katika tumbo la mgonjwa. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo, pamoja na matumizi ya dawa za maumivu kama aspirini, ndiyo asili ya vidonda vingi. Pilipili huweza kuyachokoza maumivu, lakini kuiacha hakumwui bakteria.

Kubadili bila kunyima

Kanuni ni hii: mtu atambue anachokitamani ndani ya chakula, kama ni utamu, chumvi au ukavu unaotafunika, kisha akitafute kitu hicho mahali pasipo na mafuta mengi, gesi wala ukali.

Anayetaka utamu na kitu cha kutafuna anaweza kujaribu matobolwa. Hivi ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani. Michembe hukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, kisha huchemshwa wakati wa kuliwa. Utamu wa kiazi una sababu yake: kinapopata moto polepole, vimeng'enya vilivyomo hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari iitwayo maltosi. Vyakula hivi vianikwe mahali safi palipoinuka, vitafunwe vizuri, na aliye na tumbo dhaifu aanze kwa vipande vichache, kwa kuwa viazi huwaletea gesi baadhi ya watu.

Apendaye chipsi apewe muhogo au kiazi kilichochemshwa ama kuchomwa, chenye chumvi kidogo. Anayetamani soda anywe maji yenye kijiko kimoja cha asali, zao mashuhuri la misitu ya miombo ya Tabora. Asali nayo ni sukari, basi kiasi ni lazima, na mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Embe bivu, ambalo miti yake imeenea katika njia ya zamani ya misafara, hufaa kuliko embe bichi lenye asidi nyingi.

Karanga hushibisha, lakini zina mafuta. Konzi moja yatosha, na zenye ukungu zitupwe. Maziwa hutuliza asidi kwa muda mfupi tu, kisha protini na kalisi zilizomo huamsha asidi nyingine. Isitoshe, watu wazima wengi hawana kimeng'enya cha kutosha cha kusaga sukari ya maziwa. Baadhi yao huvumilia mtindi vizuri zaidi. Lililo kubwa ni kutoiruka asubuhi: kikombe cha uji wa mtama au ulezi hupunguza njaa ya saa nne, na uchu hupungua pamoja nayo.

Dalili za hatari

Chakula si dawa ya kila tumbo. Mwenye kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, kushindwa kumeza, au kuumwa kwa wiki kadhaa hana budi kwenda hospitali. Asijitibu kwa asali wala kwa vidonge vya dukani.

Jaribio

Chukua viazi vitamu viwili vya aina na ukubwa mmoja. Cha kwanza kiweke kizima katika maji baridi, ukipashe moto polepole hadi kiive. Cha pili kikate vipande vyembamba, uvitumbukize katika maji yanayotokota. Vikipoa, onja vyote viwili. Aghalabu cha kwanza huwa kitamu zaidi, kwa sababu vimeng'enya vyake vilipata muda wa kufanya kazi kabla ya kuharibiwa na joto.

Maswali

1. Eleza tofauti baina ya njaa na uchu.
2. Kwa nini chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu?
3. Taja kitafunio kimoja kinachouzwa karibu na shule yako. Watu hukipendea nini, na ni chakula gani cha nyumbani kinachoweza kushika nafasi yake?