SOMO KWA MASHEMASI NA WATENDA KAZI: SIKU YA WAZEE

Masomo ya kusoma kwanza: Matendo 6:1-7, Zaburi 71.



Leo tujifunze juu ya kazi iliyo mlangoni petu hapa Rugenge, nayo haidai pesa nyingi. Ni kazi ya kukaa pamoja na wazee wetu, kwa siku inayojulikana, ili wasiishi kama watu waliosahauliwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi nilidhani kazi ya wazee tunaitimiza, maana kila mwisho wa mwaka tuligawa unga wa muhogo, chumvi na sabuni. Mwaka mmoja nilimpelekea mama mzee mmoja, mjane, fungu lake. Aliliweka kando bila kulifungua, akanivutia kiti. Mimi nikabaki nimesimama, kwa sababu majina kumi yalikuwa bado kwenye karatasi yangu. Akaniuliza, "Shemasi, mtarudi siku gani?" Nikamjibu, "Mama, Mungu akipenda." Nilirudi baada ya miezi minne, tena kwa kuitwa na majirani. Alikuwa ameanguka ndani ya nyumba, akalala chini usiku mzima pasipo mtu kujua. Alipona, lakini mguu haukurudi kama zamani. Swali lake lingali moyoni mwangu. Hakuuliza tutaleta nini, aliuliza siku gani.

I. UPWEKE NI KITU GANI?

Upweke si kukaa peke yako tu. Mzee anaweza kuwa na wajukuu sita nyumbani na bado akakosa wa kuzungumza naye. Asubuhi watoto wanakwenda shule, mama yao anakwenda sokoni kuuza ndagala, na jioni wote wamechoka.

Hapa Uvira kuna mambo mengine yaliyoongeza mzigo huo. Vita vya 1996 na vya 1998 vilitawanya jamaa. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi, na majirani wa miaka mingi wakahama kila mmoja upande wake. Mwezi wa Desemba 2025 watu wengi sana walikimbilia Burundi, na si kila mzee aliyekuwa na miguu ya kukimbia. Kila mara mzee hupoteza wale waliomjua tangu ujana, na mtu wa namna hiyo hanunuliwi sokoni.

Tusidhani ni huzuni ndogo ya kupita. Mwezi wa Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani, OMS, ilieleza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anaumwa na upweke, na kwamba upweke huongeza hatari ya magonjwa ya moyo na ya kupooza. Basi anayemtembelea mzee anamlinda mwili pia.

II. WENGINE WAMEFANYA NINI?

Katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania, UKIMWI uliua wazazi wengi, na mabibi wakabaki kulea wajukuu. Mwaka 2003, huko Nshamba katika wilaya ya Muleba, kulianza shirika liitwalo Kwa Wazee. Lilianza kwa kuwapa wazee pesa kidogo za kila mwezi. Lakini halikuishia kwenye pesa. Wazee wanaokaa karibu waliunganishwa katika vikundi vya kusaidiana wao kwa wao.

Huko Zimbabwe, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi kumi na wanne katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Walifundishwa kusikiliza watu wenye mawazo mazito, wakiwa wamekaa nao kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Mwaka 2016 uchunguzi ulionyesha kwamba watu waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kubwa. Tuangalie vizuri: hapo mzee ndiye mganga wa upweke wa wengine.

Na katika Matendo 6, wajane walipoachwa katika ugawaji wa kila siku, mitume hawakutosheka na kuwahurumia. Walitaka watu saba wachaguliwe, wenye sifa njema, wawekwe juu ya kazi hiyo. Huruma ilipewa majina ya watu. Hapo ndipo cheo chetu sisi mashemasi kinapopata maana.

III. NJIA YA KUFUATA

1. Siku moja isiyobadilika. Tuseme kila Alhamisi saa tisa, chini ya mwembe au kwenye baraza yenye kivuli, karibu na choo. Mzee anayejua kwamba Alhamisi inakuja ana kitu cha kungojea.

2. Daftari la majina. Mtu mmoja ashike daftari. Asiyefika, aendewe jioni ile ile. Asiyeweza kutembea, vijana wawili wamshike mkono. Asiyeweza kutoka kabisa, wenzake wawili wakakae kwake.

3. Kila mzee awe na kazi. Mmoja afundishe kushona nyavu, mwingine asimulie hadithi za Wavira au Wafuliiru kwa watoto, mwingine achambue sombe, wengine wacheze dama. Anayepewa tu huchoka kupewa.

4. Zawadi zisitangulie. Zikitangulia, siku zitakapokosekana na watu watakosekana. Chai na viazi vitamu vinatosha.

5. Mlango uwe wazi. Mzee Mwislamu, Mkatoliki, au asiyesali popote, akaribishwe. Tusiigeuze siku hii kuwa mahubiri. Sisi tusikilize zaidi.

IV. ONYO

Katika mkoa wetu wa Kivu Kusini, mwaka 2021, wanawake waliotajwa kuwa wachawi waliuawa na watu wenye hasira, na wazee walikuwa kati yao. Walitajwa na watu waliojiita wenye kuona mambo ya siri. Sisi ni kanisa la unabii, hivyo neno hili linatuhusu kuliko wengine. Mzee anayekaa peke yake, mwenye macho mekundu kwa moshi, ni rahisi kushukiwa. Mzee ambaye jana mlicheka naye, mtoto wako ameketi miguuni pake, ni vigumu kumrushia jiwe. Basi pasiwe na ono wala ndoto itakayotumiwa kumtaja mzee. Anayeleta neno hilo azuiwe papo hapo, na mashemasi waende kukaa na mzee huyo siku ile ile.

MASWALI

1. Taja wazee watatu wa avenyu yako. Mara ya mwisho uliketi na kila mmoja lini?
2. Ni mzee gani asingejulikana akianguka usiku wa leo?
3. Ni nani kati yenu atakayeshika daftari, na ni siku gani mtaanza?

Swali la tatu lisijibiwe kwa "Mungu akipenda". Andikeni jina na siku.