Kufundisha Utungaji wa Tangazo kwa Wanavikundi na Waandishi wa Habari wa Mwambao wa Kigoma

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Habari hiyo yaweza kuandikwa kwa mstari mmoja. Mkufunzi anayewafundisha wanavikundi na waandishi wa habari wa Kigoma na Ujiji hana haja ya kutafuta mfano wa mbali, maana katika mstari huo mmoja mna somo la asubuhi nzima.

Na aandike ubaoni: "Uvuvi utasimama tarehe 15 Mei." Kisha aulize: mvuvi aliyeingia ziwani jioni ya tarehe 14 akarudi alfajiri ya tarehe 15, amevunja amri au hakuvunja? Darasa litagawanyika, na mkufunzi asiharakishe kuamua. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, kwa taa; usiku wake mmoja una tarehe mbili. Zaidi ya hayo, katika hesabu ya Waswahili wa zamani siku huanza magharibi. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" aghalabu hukusudia usiku unaoutangulia mchana wa Ijumaa, hali kijana aliyesoma shule hukusudia usiku unaoufuata. Hata "saa 6 usiku" haitoshi, kwani msikilizaji atauliza ni ya kuamkia lini. Lugha yetu inayo njia ya kuondoa utata huo: "usiku wa kuamkia tarehe 15". Lakini mwandishi hana mamlaka ya kuchagua usiku kwa sababu sentensi yake imependeza. Hana budi kwenda kwa afisa uvuvi, amwulize saa na usiku, ndipo aandike. Atakayepoteza nyavu kwa neno lililokosewa si mtangazaji.

Neno "kufunga ziwa" nalo lipimwe. Lina ufupi unaowavutia watangazaji, ila msafiri wa Kagunga, anayetegemea boti, aweza kudhani kuwa hata safari zimekatazwa.

Baada ya mjadala, wanasemina wakae wawili wawili, mwandishi wa habari pamoja na mwanakikundi: mvuvi, au mama anayeanika dagaa. Mwandishi asome tangazo mara moja tu, kwa mwendo wa redio, kisha karatasi ifunikwe. Mwenzake alisimulie kwa maneno yake mwenyewe, na kama kwake husemwa Kiha, alisimulie kwa Kiha. Msomaji asimsahihishe. Kila neno lililobadilika njiani liandikwe ubaoni, na tangazo litungwe upya. Zoezi hili huwaudhi kidogo waandishi wazoefu, nami naona udhia huo una manufaa.

Njia hii si ngeni nchini. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kwa muda wa majuma 12, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu na kujadiliana. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwanza. Wengi huisifu redio kwa kazi ile. Kwa maoni yangu sifa kubwa ni ya kiongozi wa kikundi, ambaye aliweza kuulizwa swali, jambo ambalo redio haikuliweza.

Kwa hiyo somo lisiishie darasani. Tangazo lirekodiwe kwa simu na kupelekwa mwaloni, Kibirizi au Ujiji. Siku zifaazo ni zile za mbalamwezi, wakati taa hazivuti dagaa na wavuvi wengi wako nchi kavu wakishona nyavu. Wanasemina wasiulize, "Mmeelewa?" Swali hilo hujibiwa "ndiyo" kwa adabu tu. Waseme, "Tuelezeni mtakachofanya jioni ya tarehe 14."

Kisha wanyamaze, waandike maswali watakayoulizwa wao. Wanawake wa vichanjani huenda wakauliza kama dagaa waliokauka kabla ya tarehe 15 wataruhusiwa kusafirishwa baada yake, na kwa kibali gani. Tangazo halikulitaja jambo hilo. Swali lipelekwe kwa afisa uvuvi siku ile ile, na jibu lake lirudishwe kwanza vichanjani, kabla halijasomwa redioni.