Gavana na Seneti: Istilahi za Utawala wa Marekani Katika Siasa za Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Katika mwaka mmoja wa 2017, Kaunti ya Nyeri iliongozwa na magavana wanne. Nderitu Gachagua, gavana wa kwanza wa kaunti hiyo, alifariki London tarehe 24 Februari, na naibu wake, Samuel Wamathai, akaapishwa kushika nafasi yake. Uchaguzi wa Agosti ulimpa ushindi Wahome Gakuru. Naye alifariki katika ajali ya barabarani tarehe 7 Novemba, na naibu wake, Mutahi Kahiga, akaurithi wadhifa huo. Katika misiba yote miwili hapakuitishwa uchaguzi mdogo, kwa kuwa Katiba ya 2010 inasema kwamba kiti cha gavana kikibaki wazi, naibu wake hukikalia hadi muhula umalizike.

Utaratibu huo unafanana na ule wa majimbo mengi ya Marekani, ambako naibu gavana humrithi gavana, na Makamu wa Rais humrithi Rais. Si ajabu basi kwamba msomaji wa Kenya hudhani kuwa akishaujua mfumo mmoja ameujua na wa pili. Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya utawala wa Marekani kwa kuulinganisha na wa Kenya, mifano ikitolewa Nyeri na miji jirani. Hoja kuu ni kwamba istilahi husafiri upesi kuliko mamlaka inayoyataja.

Mihimili ya utawala

Katiba ya Marekani iliandikwa Philadelphia mwaka 1787 na kuanza kutumika 1789. Inagawa mamlaka kwa mihimili mitatu: Kongresi, Rais na Mahakama. Kongresi ina Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 435 na Seneti yenye wajumbe 100, wawili kutoka kila jimbo. Mawaziri hawaruhusiwi kuwa wabunge.

Wakenya walipopitisha katiba mpya kwa kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti 2010, na Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, kuitangaza rasmi tarehe 27 mwezi huo, nchi iliusogelea mfumo huo. Mawaziri waliondolewa bungeni, na Seneti, iliyokuwapo baina ya 1963 na 1966, ikarejeshwa.

Tofauti hujitokeza katika kumchagua Rais. Marekani hutumia wajumbe maalumu 538, na mshindi huhitaji 270. Kwa hiyo mgombea anaweza kushindwa kwa kura za wananchi na bado akatawala, kama ilivyotokea 2000 na 2016. Nchini Kenya, mshindi hana budi kupata zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Kwa sharti hilo, kura za Mlima Kenya, hata ziwe nyingi kiasi gani, haziwezi peke yake kumpa mtu urais.

Gavana: neno moja, enzi tatu

Katika historia ya Nyeri, neno 'gavana' halikuanza na katiba ya sasa. Wakati wa ukoloni, gavana alikuwa mtawala aliyeteuliwa kutoka Uingereza. Gavana Evelyn Baring ndiye aliyetangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, na wakazi wa vijiji vya Nyeri walikuwa miongoni mwa walioteseka zaidi. Leo neno lilo hilo humtaja kiongozi anayepigiwa kura sokoni Karatina na katika wadi za Kieni. Umbo la neno limebaki. Chimbuko la mamlaka ndilo lililogeuka.

Maana ya tatu ni ile ya Marekani. Huko jimbo lina katiba yake, mahakama zake na kodi ya mapato yake likitaka. Kaunti ya Kenya haina mahakama wala polisi wa taifa chini yake, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka katika mgao wa taifa, ambao kikatiba haupungui asilimia 15 ya mapato. Hivyo mzazi wa Mukurweini anayemlaumu gavana kwa uhaba wa walimu wa sekondari amebisha mlango usio wake. Gavana huulizwa kuhusu zahanati, masoko, barabara za kaunti na shule za chekechea.

Seneti kama mahakama ya viongozi

Seneti ya Marekani huidhinisha mawaziri na majaji. Nchini Kenya, mawaziri huidhinishwa na Bunge la Kitaifa, nayo Seneti hulinda maslahi ya kaunti. Hata hivyo, Seneti zote mbili husikiliza mashtaka ya kumwondoa kiongozi mamlakani.

Nchini Marekani, Baraza la Wawakilishi hushtaki kwa wingi wa kawaida wa kura, kisha Seneti huhitaji theluthi mbili kumtia Rais hatiani. Andrew Johnson, Bill Clinton na Donald Trump walishtakiwa, Trump mara mbili, lakini hakuna aliyeondolewa. Mlima Kenya umeyaona mengi zaidi. Martin Wambora wa Embu aliondolewa na Seneti mwaka 2014, lakini baada ya kesi ndefu mahakamani akaendelea kuongoza hadi 2022. Anne Waiguru wa Kirinyaga alinusurika katika Seneti mwaka 2020. Kawira Mwangaza wa Meru alinusurika mara mbili, akaondolewa Agosti 2024. Tarehe 17 Oktoba mwaka huo, Seneti ilimwondoa Naibu wa Rais Rigathi Gachagua, aliyewahi kuwa mbunge wa Mathira, baada ya wabunge 281 kuunga mkono hoja hiyo katika Bunge la Kitaifa. Nafasi yake ilichukuliwa na Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi, kaunti nyingine ya Mlima Kenya.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba Kenya ilichukua majina na baadhi ya taratibu kutoka Marekani, ikaviweka ndani ya taifa lisilo shirikisho. Mfasiri anayeandika 'gavana' au 'seneti' bila kueleza ni ya nchi gani humpotosha msomaji, na msomaji aliyepotoshwa humdai kiongozi asichokuwa na uwezo nacho, akamsamehe alichopaswa kutenda. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Ni wajibu wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuonyesha jinsi istilahi za utawala zilivyoundwa, ili mwananchi ajue mlango wa kubisha.