Maji ya Mvua na Haki ya Jirani

Imesimuliwa ya kuwa Al-Abbas, ammi yake Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na mlizamu juu ya nyumba yake katika mji wa Madina, nao ulikuwa ukimwaga katika njia apitayo Sayyidna Umar. Siku moja ya Ijumaa Umar alidondokewa na maji yenye damu, naye amekwisha vaa nguo za kwendea msikitini. Akaamuru mlizamu ung'olewe. Al-Abbas akamwambia ya kuwa Mtume mwenyewe ndiye aliyeuweka pale. Umar hakujadiliana naye, bali alimwapia apande juu ya mgongo wake aurudishe mahali pake. Na ikawa hivyo. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya unyenyekevu wa Umar, wakasahau ya kuwa asili yake ni maji ya darini na mahali pa kuyamwaga.

Wanazuoni hawakusahau. Imam An-Nawawi katika Minhaj amehalalisha mtu kutoa mlizamu kuelekea njia kuu, walakini kitakachoharibika kwa sababu yake hudhaminiwa. Ruhusa na dhamana zimefungwa pamoja.

Basi na yahesabiwe maji yenyewe. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita mraba 1 huwa ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita mraba 100, ikinyewa mvua ya milimita 50, humwaga lita 5,000, nazo ni mapipa 25 ya lita 200. Zamani makuti yaliyachelewesha kidogo, na mchanga wa uani ukayanywa mengi katika yaliyosalia. Bati halinywi kitu, wala saruji. Nyumba 100 za mtaa wa juu zikimwaga kwa pamoja, mtaa wa bondeni huteremkiwa na mapipa 2,500, tena kwa haraka.

Mji wa Dar es Salaam umeyaona hayo. Mto Msimbazi hushuka kutoka upande wa vilima vya Pugu, hupita kati ya mji, hata hufika baharini karibu na daraja la Selander. Bonde la Jangwani ndipo mahali pake pa kutandaa, na watu wakajenga humo. Desemba 2011 ikaja mvua kubwa. Watu zaidi ya 40 wakafa katika mji, na baadhi ya waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Wajengao bondeni hulaumiwa, na lawama hiyo ina haki yake. Walakini maji hayakuzaliwa bondeni. Mengi yaliteremka kutoka mapaani na nyuani kwa watu waliolala pakavu.

Nayo pwani ina shida nyingine. Siku za bamvua bahari ikijaa huziba midomo ya mifereji, na mvua ikisadifu saa hiyo, maji hayana pa kwenda mpaka bahari itoke. Kwa hiyo kupanua mfereji peke yake hakutoshi.

Dawa ya kwanza ni kuyazuia maji palepale yaangukapo. Mwenye nafasi na ajenge birika, alifunike kwa wavu mwembamba mbu wasiingie, na maji ya mvua ya kwanza ayamwage, maana husafisha uchafu wa ndege. Mwingine achimbe shimo la kunywea maji, alijaze mawe makubwa chini na kokoto juu, mbali na ukuta, kisima na choo. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo halifai. Hujaa siku ya kwanza likawa dimbwi. Na sehemu ya ua iachwe bila saruji, iote majani.

Mfereji wa mtaa husafishwa Februari, kabla ya masika. Taka zitolewazo zisiachwe ukingoni, kwani mvua ya kwanza huzirudisha ndani. Jambo hili huonekana kila mwaka, na kila mwaka hufanywa tena.

Ama ainuaye kiwanja chake kwa kifusi, na aache mfereji ndani ya mpaka wake mwenyewe, uchukue maji mpaka njiani, kabla hajamwaga kikapu cha kwanza. Kwani kiwanja kikiisha inuliwa, maji yaliyokuwa yake huhamia sebuleni kwa jirani.