Dondoo muhimu: Kabla hujatuma picha ya kiumbe adimu

Umemwona kakakuona karibu na shamba, ukampiga picha, na unataka kuiweka kwenye jukwaa la iNaturalist ili wanasayansi waitumie. Vizuri sana. Ila fikiria kwanza mahali ulipomwona, maana ramani inayomsaidia mtafiti humsaidia pia jangili.

iNaturalist huficha yenyewe mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini: alama huwekwa popote ndani ya eneo lenye upana wa kilomita 20 hivi. Kwa kiumbe ambaye mfumo haujamwekea kinga, ficha mahali mwenyewe. Usiutaje mlima wala kijiji kwenye maelezo, kwani hapo utakuwa umeibomoa kinga kwa mkono wako. Kumbuka pia kuwa simu inaweza kuandika latitudo na longitudo ndani ya faili ya picha. Ukiituma kwingine bila kuzifuta, siri imetoka.

Tarehe iandike 2024-03-07. Ukiandika 7/3/24, Mmarekani ataisoma Julai 3.

Leseni nayo ina uzito. Hifadhidata ya kimataifa ya GBIF hupokea kutoka iNaturalist rekodi zenye leseni za CC0, CC BY na CC BY-NC tu. Ukizuia haki zote, rekodi yako haitafika huko, na ni hasara kubwa kwa eneo letu lenye rekodi chache.

Watu wasionekane pichani bila ridhaa yao, hasa watoto. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

Picha ya awali ibaki kwako, katika nakala mbili.